Soji ya Fomani

Jina lake sitalitaja. Si kwamba nimelisahau. Nalijua lake, la baba yake na la babu yake, maana Mpemba akishakuzoea hakunyimi ukoo wake. Lakini wanawe wako hai kule kwao, na haya ninayotaka kuyasema ni ya kusemwa mtu ameinamisha uso. Basi tumwite Fomani, kama tulivyomwita sote kule Doha, Waswahili kwa Wanepali.

Kazi yetu ilikuwa mitende. Watu wakisikia Doha hufikiria maghorofa ya vioo, wakasahau kwamba barabara zile zote zimepangwa mitende huku na huku, na mtende haujikati makuti wenyewe. Mtu hupanda. Huvaa mkanda mpana kiunoni wenye vitanzi viwili vya mapajani, akajifunga kwa kamba inayouzunguka mti, kisha akaegemea nyuma na kukaa hewani, mikono yote miwili ikawa huru kushika msumeno. Kampuni ilikuwa na jina lake refu kwa kifaa kile. Sisi watu wa pwani tulikiita soji, kama ile anayotandikwa punda. Lilianza kwa mzaha, likakaa.

Na aibu ilikuwa humo humo katika jina. Mimi ni mtoto wa Likoni, na nilipomuaga mama nilimwambia nakwenda kufanya kazi hotelini. Hotelini nilifika kweli: mbele ya mlango, juu ya mtende, makalio yamebanwa na mikanda, huku vijana wa Mombasa wamesimama chini na suti na glovu nyeupe wakiwafungulia watu milango ya magari. Mmoja wao nilisoma naye darasa moja. Aliinua macho akaniona, akayainamisha upesi kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa juu. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Fomani aliliona lile, asiseme kitu mpaka tukawa ndani ya basi la kurudi Sanaiya, kwenye makambi yetu. Akanikalia karibu, akaniambia yeye amekwea mikarafuu tangu hajaota ndevu, na kwamba kwao mtu huchekwa akianguka, hachekwi akipanda. Kisha akalala usingizi mdomo wazi mpaka tukafika. Ndivyo alivyokuwa, neno moja na usingizi.

Soji zililetwa kwa saizi moja, zimeshonwa kwa ajili ya majitu. Injinia wa kampuni alikataza kuzigusa. Fomani naye alitii kwa namna yake: ukanda unaobeba roho ya mtu hakuukata wala kuutia sindano hata siku moja, lakini chochote kinachoweza kufungwa, kupenyezwa au kuwekewa mto, hicho alikuwa nacho kazi. Ijumaa, tukishaswali na kula, alikaa juu ya kreti nyuma ya vyumba vyetu, akafunga kamba kwenye boriti ya chuma, akatuning'iniza mmoja mmoja, miguu karibu kugusa chini. Alikutaka ufumbe macho, usiseme, ungoje mwili wenyewe useme.

"Inakuuma wapi?" aliniuliza siku ya kwanza.

Nikamwambia kiunoni.

"Mwongo. Paja la kulia."

Na kweli lilikuwa paja la kulia, sijui kwa nini nilisema kiuno. Pengine niliona haya kutaja paja langu mbele ya mtu mzima. Yeye hakuwa na haya hiyo. Alikushika kama fundi cherehani anavyomshika mteja, mapajani, nyongani, chini ya mbavu, akivuta huku na kulegeza kule. Mimi nina mgongo mrefu na nilikuwa nazama ndani ya soji, basi akanipandishia vitanzi na kuifupisha kamba ya mbele mpaka nikakaa wima. Penye kukwaruza alitia kipande cha mpira wa maji wa zimamoto uliotupwa, ameuchana na kuukunja. Na lile fundo letu la kamba, linaloteleza ukilisukuma kwa mkono na kuuma ukiliachia uzito, alilifungua na kulifunga upya kwa kila mtu, kwa kuwa mwenye kilo nyingi na mwenye kilo chache hawaumwi na fundo moja. Akisema soji ni mbeleko. Ukiibana sana mtoto analia, ukiilegeza mtoto anaanguka, na hakuna mama anayemfunga mtoto wa mwenzake kwa kipimo cha wake.

Hakumtukana mtu. Alilitukana fundo. Utamsikia amelishika la mtu fulani, analigeuzageuza, anauliza, "Hili limelelewa na nani?" na mwenyewe yuko pale pale, ametazama chini.

Kwa kushika viuno vyetu kila Ijumaa alijua mambo yetu yote. Alijua nani hali vizuri, nani ana homa anaificha asikatwe siku, nani amepokea habari mbaya ya nyumbani. Hakutangaza. Utaona tu sahani ya wali imekuja kitandani kwako, na aliyeileta hataki kuulizwa. Ramadhani ikiisha alitupima sote upya, maana mwezi mzima wa kufunga juu ya mitende haumwachi mtu na kiuno chake. Hata Wafula, Mkenya mwenzangu wa Bungoma, Mkristo, alipangwa foleni. Wafula akamwambia, mzee, mimi sijafunga, mbona unanisumbua. Fomani akamjibu kwamba mtu anayekula biskuti kwa kujificha chooni mwezi mzima hukonda kuliko aliyefunga. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ilikuwa kweli, na Wafula akajivalisha soji mwenyewe.

Sasa nije kwa yale mengine.

Huyu mtu aliyetushika sote hakukubali kushikwa na mtu. Soji yake aliitengeneza mwenyewe, ameelekea ukutani, mgongo kwetu. Ilikuwa na mto mzito wa mpira mweusi ndani, umeviringishwa mpaka katikati ya miguu, kitu ambacho hakumtilia mwingine yeyote. Tuliuita kiti cha sultani. Na kiunoni alining'iniza chupa kubwa ya maji. Kila akimaliza mti, kabla hajashuka, aliifungua akajimwagia yote, kuanzia tumboni kwenda chini. "Joto, yakhe," akisema akifika ardhini, anachuruzika. Alifanya hivyo hata Januari, upepo wa Doha unapokuwa na baridi yake na sisi tumevaa masweta. Wafula alisema mzee anapenda kuoga hewani kama ndege. Tulicheka, na yeye akicheka kutushinda.

Tena palikuwa na suala la swala. Fomani alikuwa amesoma chuoni kwao, anaijua Kurani vizuri, na usiku wa mauti ya mama yangu ni yeye aliyenisomea. Lakini adhuhuri tukitandika mikeka kwenye kivuli cha basi na kumsukuma mbele, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu, alikataa. Alichukua ndoo yake akaenda nyuma ya lori, akakawia huko, akarudi tumeshatoa salamu, akaswali peke yake pembeni. Siku baada ya siku. Vijana wa Tanga wakaanza maneno. Mmoja alimwambia usoni kwamba mzee anayekimbia uimamu ana jambo moyoni mwake. Fomani alikuwa ameshika kamba, akaendelea kuikagua.

"Simfai mtu kuwa imamu wake," alisema, basi.

Tukaona ni kibri. Mimi niliona ni kibri, nikanyamaza.

Alikuwa na methali moja aliyoipenda kuliko zote. Injinia alikuwa na tabia ya kumgombeza mbele yetu, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe wa mwisho, na Fomani alisimama akaitikia ndiyo, ndiyo, mpaka mwenzake akachoka. Kisha alitugeukia akasema, "Muungwana akivuliwa nguo huchutama." Hapo mimi nilikuwa nikicheka. Niliiona ni methali ya kuchekesha, mtu mzima yuko uchi amechutama. Sikuwa nimewahi kumwona muungwana akivuliwa.

Ilikuwa wiki ya kwanza baada ya Idi. Tulipelekwa njia ya Lusail, enzi hizo Lusail bado mchanga na vigingi vya wapimaji, lakini mitende ya barabarani ilikuwa imeshapandwa, mirefu, imeletwa mikubwa hivyo hivyo kwa malori. Ijumaa iliyotangulia Fomani alikuwa ametupima sote. Yeye mwenyewe Ramadhani ile alikonda kupita kiasi, suruali ameifunga kwa kamba, uso umeingia ndani. Tulimwona na hatukusema. Kinyozi hajinyoi, lakini nani amwambie kinyozi?

Mimi nilikuwa mtende wa pili kutoka wake. Nikahisi kitu hakipo, nikang'amua ni sauti ya msumeno wake. Nilipotazama nilimwona amelala upande. Mkanda wa kiuno ulikuwa umempanda mpaka chini ya kwapa, kitanzi kimoja kimemteleza hadi gotini, na mikono yote miwili ameukumbatia mti, uso ndani ya miba. Angeachia mkono mmoja tu, angepinduka na kuchomoka kama mtoto katika mbeleko iliyolegea. Hakupiga kelele. Mtu mwingine yeyote angepiga.

Nilishuka, nikakimbia, nikapanda mti wake mpaka nikawa sawa naye.

"Usinishike," akaniambia.

Nikamwambia, Ami, mkanda umekupanda, lazima nikuinue uteremke.

"Usinishike, mwanangu. Wala usimwite mtu. Ngoja nijiweke sawa."

Hakuweza kujiweka sawa. Chini Wafula alishaanza kuita, na wenzetu wanakusanyika, na injinia ameshuka garini. Basi nikamshika. Nilimpitishia mkono kiunoni nikamwinua kwa bega, na mkono wangu mwingine ukaenda chini kutafuta kile kitanzi. Ndipo nikaukuta ule mto mweusi umerowa, na suruali imerowa, na ule urowevu una moto. Harufu ilinifikia. Nimemuuguza babu yangu mzaa mama mpaka mwisho wake, sikuhitaji kuelezwa na daktari.

Fomani aligeuzia uso upande wa gogo.

"Ni maji, mwanangu," alisema.

Chupa yake ilikuwa inaning'inia kiunoni, kati yangu na yeye. Ilikuwa imejaa. Kifuniko hakijafunguliwa.

"Ndiyo, Ami," nikamwambia. "Ni maji."

Nilimfunga kama alivyonifunga mimi: vitanzi kwanza, kisha kiuno, kisha kamba ya mbele, na fundo nikalifunga upya kwa uzito wake wa siku ile. Hakunisahihisha kitu. Mtu ambaye fundo baya lilimtoa usingizini alikaa kimya nimfunge nipendavyo, na kimya kile kilinitia haya kuliko harufu. Nilipokwisha niliichukua ile chupa, nikaifungua kwa meno, nikammwagia kuanzia tumboni kwenda chini, kama alivyokuwa akifanya. Yaliyobaki nikajimwagia mimi.

Nilidhani namsitiri. Wallahi ndivyo nilivyodhani. Lakini akanitazama, na katika macho yale hapakuwa na shukrani hata chembe. Kwa kumwaga yale maji nilikuwa nimemwambia kwamba nimeelewa yote kwa pamoja: chupa, kiti cha sultani, ndoo nyuma ya lori, na kwa nini mtu asiyeweza kujizuia mkojo hakukubali kuswalisha wenzake. Miaka yote alikuwa akibeba maneno ya vijana wa Tanga kuliko kutuharibia swala yetu, na kuliko kusema. Na sasa amevuliwa, na juu ya mtende mtu hana pa kuchutama.

Tuliposhuka Wafula akauliza kama leo bafu limekuwa la watu wawili. Wote wakacheka. Fomani alikwenda kwenye basi akakaa dirishani.

Tangu siku hiyo hakunigusa tena. Ijumaa aliwapima wengine kama kawaida, na ikifika zamu yangu alimwambia Wafula, "Mtazame huyo." Wafula alinifunga vibaya, mapaja yakanichubuka, Fomani akaliona lile fundo na kugeuza macho. Mtu aliyekuwa akilitukana fundo la kila mmoja wetu! Baada ya muda aliomba mwenyewe ahamishiwe kwenye kitalu cha miche, kazi ya chini, na watu wakasema amegombana na injinia. Wengine waliniuliza nimemfanya nini mzee. Niliwaambia sijamfanya kitu, na hilo lilikuwa kweli, lakini nililisema nikiona haya kama mwizi. Nikikutana naye kambini nilibadili njia. Naye alibadili njia. Wakati mwingine tulibadili sote wawili tukakutana tena upande wa pili, tukasalimiana tukitazama ndoo tulizobeba.

Watu hudhani aibu ni ya aliyetenda. Mimi nilijifunza kwamba hata aliyeona tu anaweza kupewa fungu lake, akalibeba.

Miaka ikapita. Lusail ikawa mji, na mimi nikapata leseni, nikawa dereva wa familia moja, nikiendesha gari dogo la kutumwa sokoni. Nilikuwa nimepangisha kitanda Al Mansoura, na pale chini palikuwa na Mpemba muuza chai. Alasiri moja akaniomba nimpeleke uwanja wa ndege mzee wao mmoja anayerudi kwao moja kwa moja. Sikuuliza ni nani. Nilizungusha gari, nikakuta kundi la watu mbele ya duka, katikati yao sanduku lililofungwa kwa kamba. Nililitazama lile fundo kabla sijamtazama mtu. Nikajua.

Alikuwa amekuwa mdogo. Wapemba wenziwe walikuwa wanamtania, mtu anarudi kwao baada ya miaka yote hii, kanzu nyeupe iko wapi? Alikuwa amevaa suruali nyeusi. Aliwaambia kanzu imo sandukuni, ataivaa akifika.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba," akaitikia, ndipo akaniona ni mimi. Akainamisha macho.

Nilipakia sanduku, nikamfungulia mlango wa mbele. Akasimama ameushika mlango, anatazama kiti. Viti vya gari lile ni vya kitambaa, rangi ya majivu, na mama mwenye gari alikuwa ametoka kuvifulisha. Alikitazama muda mrefu.

"Nitachukua teksi," alisema.

Wale watu wakaanza. Teksi ya nini, mzee, kijana amekuja, gari hili hapa, ingia usichelewe ndege. Mmoja alimsukuma kidogo begani kwa mapenzi. Fomani hakuingia. Niliona shingo yake inavyotoka jasho, nikaona mkono wake umeshuka kushika nyuma ya suruali, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

Chupa yangu ya maji ilikuwa mfukoni mwa mlango wa dereva, na niliogopa kuigusa. Mara ya kwanza nilimpoteza kwa chupa. Lakini wale watu walikuwa wanazidi kusogea, na sikuwa na akili nyingine. Nikaketi kwenye usukani, nikaifungua kama ninayetaka kunywa, nikajimwagia mapajani, na mengine yakaenda kiti cha pili, mengi.

"Mikono yangu hii!" nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Ami, utanisamehe, nimekirowesha kiti. Utakaa hivyo hivyo?"

Alinitazama. Niliyavumilia macho yake safari hii, sikuyakwepa.

"Miaka yote hii hujajifunza kushika chupa," akasema, na akaingia akakaa.

Tukaondoka. Mitende ilikuwa inapita dirishani, na niliona anaitazama mmoja mmoja, makuti yamekatwa vipi. Hatimaye akauliza bila kunigeukia.

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Hata Wafula?"

"Hata Wafula, Ami."

Akavuta pumzi. Akasema kila alipokuwa akiniona kambini alikuwa akijiona yeye mwenyewe yuko kwenye ule mti, ndiyo maana hakuweza kunishika. Nikamwambia najua. Akasema, hapana, hujui, lakini hukunikosea. Tukasimama kwenye taa nyekundu.

Nikahisi mkono begani. Alikuwa ameushika mkanda wangu wa gari, uliokuwa umejikunja, akaunyoosha kutoka begani mpaka nyongani, akapitisha vidole viwili chini yake kupima, akaulegeza kidogo.

"Umenenepa," alisema. "Umejifunga kwa kiuno cha zamani."

Nilitazama taa mpaka wenye magari ya nyuma wakanipigia honi.

Uwanja wa ndege nilishuka nikambebea sanduku. Yeye mbele, mimi nyuma yake kidogo, suruali zetu zote mbili zimerowa mapajani na kuchuruzika. Watu walituangalia, wanawake na watoto na walinzi wa mlangoni, na kila aliyetuangalia aliangalia wawili.